Chesisi haijapinda: dhana potofu kuhusu kunyoosha bodaboda

Pikipiki ikianza kuvuta upande, vijiwe vingi vya Dodoma hutoa hukumu moja: chesisi imepinda. Mara nyingi kilichohama ni ekseli ya nyuma au shokapu za mbele, na vyote hupangwa kwa spana, rula na uzi.

"Alama za mkono wa nyuma zikilingana, tairi limenyooka."

Alama zile zilizochongwa kwenye mkono (chuma kinachoshika ekseli ya nyuma) ni za kukadiria. Za kushoto na kulia zinaweza kupishana milimita 1 au 2, na mkono uliowahi kugongwa hupishana zaidi. Pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya bolti inayoshika mkono kwenye chesisi hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Vipimo viwe sawa.

Kisha hakikisha kwa uzi wa mwashi. Mtu aishike pikipiki wima, usukani ukiwa umenyooka. Pitisha uzi nyuma ya tairi la nyuma, kama sm 10 hadi 15 kutoka ardhini, uuvute mbele kushoto na kulia mpaka uguse kingo za nyuma na mbele za tairi hilo bila kukwama kwenye stendi wala ekzosi. Tairi la mbele huwa jembamba, kwa hiyo uzi hauligusi. La nyuma likiwa na upana wa mm 100 na la mbele mm 80, pengo liwe mm 10 kila upande.

Rula imekubali lakini uzi unakataa, mfano 6 huku na 14 kule? Kabla ya kuishutumu chesisi, kagua bushi za mkono na zile za ekseli. Bushi za ekseli, ya kushoto na ya kulia, mara nyingi hazina urefu mmoja. Zikibadilishana nafasi, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) hutoka kwenye mstari na meno yake hung'aa upande mmoja tu.

"Cheni ikibana ndiyo haichomoki."

Hii ndiyo inayokula hela. Mkono unapopanda, ekseli huzidi kwenda mbali na sproketi ya mbele, mpaka sproketi hiyo, bolti ya mkono na ekseli vikae mstari mmoja. Cheni uliyoikaza pikipiki ikiwa tupu, ukipakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) na kushika njia ya Hombolo, haina pa kulegea. Inavuta beringi ya giaboksi, na sili inaanza kuvuja oili.

Kwa pikipiki nyingi za biashara cheni icheze mm 20 hadi 30 juu na chini, ikipimwa katikati ya upande wa chini. Kitabu cha pikipiki kikisema vingine, fuata kitabu. Zungusha tairi kwanza, pimia pale inapobana zaidi. Cheni mpya ya saizi 428 ina mm 254 kwa pingili 20. Ikifika 259, badilisha pamoja na sproketi zote mbili.

"Usukani umekaa upande, peleka kwa mchomeleaji."

Usipeleke. Legeza ekseli ya mbele, bolti za mabano ya chini yanayobana shokapu, nati za juu na bolti za madigadi. Bana tairi kwa magoti, geuza usukani ulingane nalo. Kaza ekseli, bonyeza shokapu mara kadhaa, kaza mabano, madigadi mwisho. Madigadi ikiachwa imekazwa tangu mwanzo, inarudisha mpindo uleule. Bomba la shokapu liviringishe juu ya kioo: mwanga ukipita chini yake, limepinda, linunuliwe jingine. Moto wa gesi unalidhoofisha.

"Rimu ikiyumba, tatizo ni mpangilio." Ni spoku. Rimu ikiyumba zaidi ya mm 2, zikazwe upya.

"Nikishapanga, nakaza tu."

Nati ya ekseli ya nyuma ikikazwa, ekseli husogea. Injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, weka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni ya chini na sproketi ya nyuma, zungusha tairi mbele kwa mkono mpaka kibane, vidole vikiwa mbali. Ekseli itaegemea virekebishi vyake (skrubu za kukaza cheni), kaza hapo. Ekseli ikirudi nyuma, fimbo ya breki nayo hukaza, kwa hiyo ilegeze mpaka pedali ishuke mm 20 hadi 30 kabla breki haijashika.