Je, wajua kwa nini redio ya mkononi ya kuongea na wenzako husikia vizuri lakini yenyewe haisikiki?

Mtu yuko Ntinda, mtaa wa Kampala, na redio yake mpya. Kupitia ripita, kituo kinachopokea sauti na kuirusha upya mbali zaidi, anawasikia wenzake kana kwamba wameketi chumba cha pili. Anabonyeza kitufe, anataja alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5X ya Uganda, anaachia. Kimya. Anarudia, na mazungumzo yanaendelea kana kwamba hayupo. Hapo ndipo wengi huirudisha redio dukani wakidai ni mbovu, na mara nyingi redio ya watu ni nzima kabisa.

Kusikia na kusikika ni kazi mbili zinazokaa ndani ya ganda moja. Kila moja ina masafa yake, yaani namba yake ya MHz, na mahitaji yake ya umeme, na moja inaweza kulala huku nyingine ikifanya kazi vizuri.

Tuanze na masafa, maana huko ndiko makosa mengi yalipo. Kwa mgawanyo wa kimataifa Uganda iko Kanda ya 1, ambako redio za ridhaa, za watu wanaowasiliana kwa kujifurahisha, hutumia 144 hadi 146 MHz katika bendi ya mita 2. Kawaida ya ripita za kanda hii ni kusikiliza 0.6 MHz chini ya pale zinaporushia. Ripita unayoisikia kwenye 145.650 inakusubiri kwenye 145.050. Ukiongea palepale unaposikia, unaongea mahali ambapo ripita haina sikio. Kwenye redio aina ya Baofeng UV-5R, menyu namba 25, SFT-D, inatakiwa kuonyesha alama ya kutoa, na namba 26, OFFSET, isomeke 0.600. Fanya hivyo redio ikiwa katika hali ya masafa, wala si ya chaneli. Ukikosea nukta ukaandika 6.000, redio itajaribu kurusha 139.650, nje kabisa ya bendi uliyoruhusiwa na leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC.

Baada ya masafa, toni. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie mlio mwembamba wa chini uliochanganywa na sauti yako, kwa mfano wa 88.5 Hz. Masikio yako hayaupati kwa sababu redio huuchuja kabla ya spika. Menyu namba 13, T-CTCS, ndiyo inayoutuma. Jirani yake, namba 11, R-CTCS, ni kufuli la kupokea, na watu huzichanganya hizi mbili kila siku. Ukiona taa ya kijani inawaka lakini spika haitoi neno, zima namba 11, na namba 10 pia, ambayo ni kufuli jingine la kupokea.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowapotezea watu jioni nzima. Skrini ina mistari miwili, na redio inaweza kusikiliza yote miwili kwa zamu. Sauti unaisikia mstari wa chini, kumbe ukibonyeza unarusha kwa mstari wa juu. Zima menyu namba 7, TDR, mpaka uizoee redio.

Masafa na toni vikiwa sawa, geukia betri. Redio inayosubiri haili hata ampea 0.1. Ukibonyeza ili urushe wati 5, inadai kama ampea 1.5 papo hapo. Betri ya volti 7.4 ikijaa husoma 8.4. Betri iliyochoka huweza kusoma 8 ikiwa imetulia na kukudanganya, kwani ukinzani wake wa ndani umepanda. Ukifika ohm 1, ampea 1.5 zinameza volti 1.5, na redio inabaki na 6.5. Dalili zake ni skrini kufifia, sauti kukatika katikati ya sentensi, au redio kujizima na kujiwasha. Ndiyo maana betri hiyohiyo inakusikilizisha mchana kutwa, kisha inakufa unapotamka neno la kwanza. Kabla ya kununua nyingine, safisha vishikizo vya shaba kwa kifutio cha penseli na spiriti. Na ninyi mnaotegemea sola kijijini, msiunganishe nyaya za betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya redio. Ya lithiamu haina subira, itawaka.

Antena ni kesi ngumu kidogo. Antena mbaya hupunguza kupokea na kurusha kwa kiwango kilekile. Mbona basi unasikia? Kwa sababu ripita inaweza kuwa inarusha wati 50 na wewe una 5. Yenyewe ina cha kupoteza, wewe huna. Ile antena fupi ya mpira hupoteza nguvu nyingi. Robo wimbi kamili kwenye 145 MHz ni karibu sentimita 49. Kata waya laini wa urefu huo, ncha moja uibane kwenye pete ya chuma chini ya antena, upande wa nje usiogusa pini ya katikati, kisha uuache uning'inie. Unaipa antena nusu yake ya pili, ambayo bila waya huo inategemea mkono wako. Kazi ya dakika tano, na mara nyingi inashinda kununua redio ya wati 8. Shika redio wima, usiilaze. Usiazime antena ya ruta ya Wi-Fi hata kama nyuzi zake za kukazia zinaingia: nyingi zina pini iliyogeuzwa, kwa hiyo kati hapagusani, na kurusha namna hiyo kunaweza kuunguza transista ya mwisho, ile inayorusha.

Ukitaka uhakika, azima redio ya pili. Iweke 145.050, mwenzako asimame mita 20 au zaidi, nawe urushe kwa nguvu ndogo. Akikusikia, masafa ni sahihi. Kisha aweke R-CTCS 88.5 kwenye redio yake: ikinyamaza, toni yako haitoki. Spika yake ikifunguka bila maneno, angalia plagi ya maikrofoni ya nje, kwani ikiingia nusu hukata ile ya ndani.

Kampala ina ugonjwa wa kinyume pia. Karibu na minara ya Kololo au Naguru, stesheni za FM za 88 hadi 108 MHz huziba masikio ya redio za bei nafuu: unasikika, lakini husikii. Chomoa antena wakati unapokea. Ishara ikiwa safi zaidi bila antena, umezidiwa. Shuka upande wa pili wa kilima, au funga kichujio cha FM kinachostahimili wati 5.

Na kama vyote hivyo viko sawa, pima kimo chako. Redio iliyo mita 1.5 juu ya ardhi tambarare ina upeo wa kilomita 5 hivi. Ukiwa mita 100 juu ya bonde, upeo unafika 41. Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako kila kijiji kimefichwa na mlima wake, tembea mpaka ukingoni kabla hujafungua menyu yoyote.