Kabla hamjaomba miche, angalieni visiki

Mvua zikikaribia, maombi ninayopokea vijijini Shinyanga ni yale yale: "Bwana misitu, eneo letu limekufa, tuletee miche."

Halijafa. Inama utazame. Yale majani mapya kwenye nyasi, ambayo mbuzi wameyatafuna yakabaki urefu wa kidole, si magugu. Ni mgunga uliokatwa zamani, na mizizi yake bado ni mizima. Mche wa kitaluni una mizizi mifupi. Mvua ikikatika Januari, unakauka. Kisiki kinavuta maji ya chini kabisa, na kwa mvua hizi zisizotabirika, hicho ndicho cha kutegemea. Chagua machipukizi matatu au manne yaliyonyooka, kata mengine karibu na shina, pogoa matawi ya chini, kisha zuia mifugo. Panga kali linatosha. Naomba sana: mifugo izuiwe kwanza, la sivyo mtapogolea mbuzi.

Ushahidi mnao hapa hapa. Miti yetu ilifyekwa kupambana na mbung'o, pamba ikafuata. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa kwa msimu, zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Ilipofika tamati mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. HASHI yenyewe ilianza kwa kusisitiza vitalu vya miche, lakini eneo kubwa hivyo lilirudi kwa wananchi kufunga maeneo na kuacha visiki vichipue.

Wapo wanaosema, "Ngitili ni kuwafungia watu nje." Sivyo. Wasukuma walifunga mvua zikianza ili nyasi zikue, wakafungua kiangazi kikikolea, kipande kwa kipande, wakianza na ndama, maksai na ng'ombe dhaifu. Kuni, dawa na asali vilitoka humo humo. Ukipiga marufuku kila kitu, nani atasimama kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, kuutetea msitu huo?

"Moto wote ni mbaya." Wa Septemba ndio unaoua machipukizi. Kwenye misitu ya miombo, moto mwepesi wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu bado, hupunguza nguvu ya ule mkubwa, mradi kijiji kizima kimekubaliana. Kwenye ngitili nyasi ndizo akiba yenu, hivyo msichome. Limeni barabara ya kuzuia moto kuzunguka eneo.

"Mti ni mti, tupande mikaratusi." Kwa nguzo, sawa, mbali na kisima. Ndani ya ngitili, hapana: inakunywa maji mengi na nyasi chini yake hazistawi.