Taa za joto nyumbani: namna ya kukausha kliya ya gari kipindi cha baridi bila kuichemsha

Kila ikifika mwezi wa 6 na wa 7 hapa Arusha swali ni lile lile, fundi mbona nimepiga kliya (lile koti la mwisho la kung'aa linalokaa juu ya rangi ya gari) jana na leo nikigusa bado inanata? Ni baridi hiyo. Kliya ya hadena, yaani inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, haikauki kwa tina (kile kimiminika cha kuilainishia) kuruka tu, hadena inashikana na kliya yenyewe ndo inakuwa ngumu, na kazi hiyo inataka joto, ubaridi ukizidi inaenda taratibu mno. Ndo maana nazipenda sana taa za infraredi, yaani za miale ya joto, ukizielewa unafanya kazi safi hata uani kwako.

Kitu cha kushika ni kwamba taa inapasha bati la gari, haipashi hewa. Zile za kitaalamu za mawimbi mafupi zinapenya kliya mpaka chini, kwa hiyo inaiva kuanzia ndani kuja nje na tina inapata pa kutokea. Zile nyekundu za vifaranga, za wati 250, nazo zinasaidia kwa kidoa cha mlangoni, lakini boneti nzima usijaribu, katikati itaiva pembeni pabaki pabichi.

Sasa watu wanapoharibia ni hapa: anamaliza kupiga tu, anawasha taa. Subiri jamani! Dakika 10 hadi 15 tina itoke yenyewe kwanza, baridi ikiwa kali ongeza, la sivyo juu panafunga ngozi na tina iliyobaki chini inachemka inatafuta pa kutokea, ukija kuangalia unakuta vishimo kama ncha ya sindano, hasa ukingoni ambako kliya imekaa nene. Polishi haitoi hivyo, ni msasa na kupiga upya.

Anza taa ikiwa mbali, kama mita 1, halafu isogeze taratibu. Kliya nyingi karatasi yake inaandika nyuzi 60 kwa dakika 30, na hizo ni nyuzi 60 za bati, kwa hiyo dakika unaanza kuhesabu bati likishafika 60, sio ulipowasha swichi. Nunua kipima joto cha kulenga cha mafundi, unakielekeza kwenye bati bila kuligusa, kile cha kupimia homa hakifai maana kinaishia arobaini na kitu. Pima katikati, pima na pembeni. Gari nyeusi inameza joto haraka kuliko nyeupe, umbali uliotumia jana kwenye nyeupe leo kwenye nyeusi unaweza kuunguza. Bampa ndo kabisa, ile plastiki inapinda, mimi naiweka taa mbali na sipitishi nyuzi 60 hata kidogo.

Na tafadhali sana, taa isiwake wakati unapiga rangi au mvuke wa tina bado umejaa, unashika moto. Fungua milango hewa ipite. Hadena nayo ina kemikali inaleta pumu, kitambaa mdomoni hakizuii kitu, vaa maski ya kuletewa hewa safi kwa bomba la mpira, na kama huna maski hiyo, kazi ya kupiga mpelekee mwenye nayo.

Ukizima acha bati lipoe lenyewe, maji usimwage, kioo cha taa ya moto kikipata tone tu kinaweza kupasuka. Msasa wa maji na polishi fanya kesho yake.