Maiti za mafuriko si chanzo cha kipindupindu

Kila Mto Nyando unapovunja kingo au Mto Nzoia unapofurika Budalang'i, magharibi mwa Kenya, husikika kauli ileile: miili izikwe haraka, la sivyo kipindupindu kitatumaliza. Sivyo. Kule Solai, bwawa lilipopasuka Mei 2018, na Mai Mahiu kwenye mafuriko ya Aprili 2024, watu waliuawa na maji na matope, si maradhi. Aliyezama hana kipindupindu kama hakuwa nacho akiwa hai. Harufu ni mbaya, kweli, lakini harufu haiambukizi.

Anayebeba miili avae glavu na gambuti, kisha anawe kwa sabuni. Aliyefariki kwa kipindupindu chenyewe au Ebola ni habari nyingine. Huyo aachiwe wahudumu wa afya.

Haraka hiyo ina gharama yake. Mwili ukifukiwa kabla ya kutambuliwa, jamaa huzunguka mochari hadi mochari, na cheti cha kifo huwa kazi kubwa kukipata.

Ugonjwa hutoka kwa walio hai. Choo cha shimo kikifurika, kinyesi huingia kisimani. Familia zikirundikana kwenye madarasa ya shule yenye vyoo vichache, hapo ndipo klorini, sabuni na vyoo vya dharura vinapohitajika kwanza, kabla hata ya blanketi kwa maoni yangu. Mtoto akianza kuhara na pakiti za chumvichumvi (ORS, za kurudisha maji mwilini) hakuna, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kliniki.