Wepesi wa Linux hauchezi filamu ya 4K

Wiki iliyopita kaka mmoja aliniletea kompyuta ya mtumba, zile ndogo za maofisini zinazolala chini ya TV bila kuonekana. Alikuwa ameshaamua. "Fundi, ondoa Windows, weka Linux. Nimeambiwa ni nyepesi, 4K itatembea." Nikamuuliza ina prosesa gani. i5. i5 ipi? Hakujua, na aliyemuuzia hakumwambia. Nikaiwasha nikasoma: i5-4570T, prosesa ya mwaka 2013.

Neno hilo la "Linux ni nyepesi, 4K itatembea" nalisikia karibu kila wiki, na watu wanapoteza hela kwa ajili yake. Naomba tulimalize hapa.

Ni kweli Linux ni nyepesi. Inawaka haraka, haili RAM, na mashine iliyokuwa inajikokota inapata pumzi. Lakini mzigo wa filamu haubebwi na mfumo endeshi. Filamu ya 4K kwa kawaida imebanwa kwa HEVC, ambayo ni kodeki, yaani njia ya kubana video, mara nyingi ya biti 10 za rangi, na kabla hujaiona lazima ifumbuliwe. Picha moja ina nukta 3840 kwa 2160, yaani milioni 8.3 hivi. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo ni karibu nukta milioni 200 kwa sekunde, bila kupumzika, kwa saa mbili. Kazi hiyo ina kipande chake maalumu ndani ya chipu ya picha, kilichotengenezwa kwa ajili ya kodeki hiyo tu. Kikiwepo, prosesa inakaa kimya. Kisipokuwepo, prosesa inafumbua kila nukta kwa nguvu zake yenyewe, na hapo ndipo picha inapoanza kuganda.

Prosesa za Intel huhesabiwa kwa vizazi, na ile 4570T ni ya kizazi cha 4. Kizazi hicho hakina kipande cha HEVC ya biti 10. Kizazi cha 6 kinaishia biti 8. Biti 10 ilikuja na kizazi cha 7. AV1, kodeki nyingine ambayo YouTube inaitumia sana siku hizi, ilisubiri kizazi cha 11. Ukiweka Ubuntu, ukiweka Windows, ukiweka mfumo wowote ule, chipu haitaota kipande ambacho haikuzaliwa nacho.

Yule kaka sikutaka aniamini kwa maneno. Nilichukua flashi yenye LibreELEC, ambayo ni Linux iliyopunguzwa hadi ikabaki na kazi ya kuendesha Kodi tu, programu ya kuchezea filamu, nikaichomeka kwenye mashine yake na kufungua filamu yake mwenyewe. Ukibonyeza herufi O kwenye kibodi, Kodi inakuonyesha nani anafumbua picha. Iliandika SW, yaani programu, yaani prosesa peke yake. Feni ikapiga kelele, sauti ikatangulia, mdomo wa mwigizaji ukafuata baadaye. Nikaihamishia flashi ileile kwenye kompyuta yangu ya i3-7100T, faili lilelile. Herufi O tena: HW, yaani maunzi, kile kipande cha kwenye chipu. Picha ikateleza, feni hata haikusikika. i3 imeishinda i5, kwa sababu ya kizazi tu.

Kama bado una shaka, itazame Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019. Ni kompyuta nzima kwenye bodi inayoenea kiganjani, prosesa yake ni dhaifu kuliko ya kompyuta nyingi za mtumba, na HEVC ya 4K inaicheza vizuri kwa sababu kipande hicho inacho.

Basi ukienda dukani, usiulize "ni i5 au i7?" Soma namba baada ya kistari. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-7500 ni cha 7, i5-10400 ni cha 10. Na kama TV yako ni ya 1080p, acha kuhangaika na 4K. Ile i5 ya kizazi cha 4 inacheza 1080p ya H.264 (kodeki ya zamani zaidi) bila shida yoyote, na kwa kazi hiyo nilimwambia kaka asiitupe.

Mfumo wenyewe unachaguliwaje? Kwa kuangalia filamu zako zinatoka wapi. Kama ziko kwenye diski na flashi, weka LibreELEC. Haina kivinjari, haina ofisi, haikusumbui, na haili bando lako kwa masasisho makubwa ya usiku kama Windows ambayo haijaambiwa kwamba intaneti ni ya kupimiwa. Umeme ukikatika ghafla, mfumo wake uko ndani ya faili ambalo haliandikwi wakati wa kazi, kwa hiyo ni nadra kukuta umeharibika.

Kama unategemea Netflix, hadithi ni nyingine. "Nimelipia kifurushi cha juu, nitapata 4K popote." Hapana. 4K yao inadai ulinzi uliomo ndani ya maunzi, na vivinjari vya Linux vina ulinzi wa kiwango cha programu tu, kwa hiyo utashushiwa ubora hata kama bando lako ni la kasi. Kwenye Windows utahitaji Edge, prosesa ya kizazi cha 7 au zaidi, na HDCP 2.2 (kinga dhidi ya kunakili picha inayopita kwenye waya) kuanzia kompyuta hadi TV. Ushauri wangu ni mfupi: kama hutazami kingine zaidi ya Netflix, tumia programu iliyomo ndani ya TV. Kompyuta haitakuongezea kitu.

"Nitabaki na Windows 10, imezoeleka." Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na upande wa Intel karibu prosesa zote za kizazi cha 7 kurudi nyuma haizikubali. Hii ndiyo sababu nyingine napenda LibreELEC kwa mashine za kizazi cha 7: 4K zinaiweza, Windows mpya imezikataa.

"Kodi ina filamu za bure." Kodi ni kicheza filamu, na inakuja tupu. Aliyekuuzia kiboksi "chenye filamu zote" amejaza nyongeza za watu wengine, na siku zikizimwa atakuambia ununue kipya.

"TV yangu mbovu, kamera ikigeuka picha inaruka." TV ni nzima. Kompyuta inatoa picha mara 60 kwa sekunde huku filamu ina 24, kwa hiyo picha moja inaonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu. Ingia kwenye mipangilio ya Kodi, sehemu ya kicheza video, uwashe urekebishaji wa kasi ya skrini wakati wa kuanza na kusimamisha. Unakuja ukiwa umezimwa, na sijui fundi gani aliye makini anamkabidhi mteja mashine bila kuuwasha.

Na rimoti ya TV haitaendesha kompyuta yako. Amri zake hupita kwenye HDMI kwa njia ya CEC, na kompyuta nyingi hazina CEC, mfumo wowote utakaoweka. Raspberry Pi inayo. Kwa wengine wote, nunua rimoti yenye kipokezi cha USB, au weka Kore kwenye simu ya Android, kisha ndani ya Kodi ruhusu kuongozwa kwa HTTP na uweke nywila.