Mtuhumiwa Akirudi Mtaani Kesho Yake

"Afande, nikikutajia mwizi, kesho nikamkuta kilabuni, mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Swali hilo nimeulizwa katika kila kata niliyopangiwa kama mkaguzi wa polisi, na ni swali la haki. Kamanda wa mkoa anaweza kutupa gari na askari, lakini mvunja nyumba hujulikana kwanza na jirani yake. Jirani akiogopa, doria yetu inazunguka gizani.

Huku Kanda ya Ziwa watu hawakungoja polisi wawafundishe ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wanavijiji walijiundia sungusungu. Yowe likipigwa, kijiji kizima kinatoka na kufuata nyayo za ng'ombe. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Nguvu yao ilikuwa kujuana, na hatari ilikuwa humo humo: aliyechukiwa na wenzake aliweza kuadhibiwa kabla hajasikilizwa. Polisi Jamii, iliyosukumwa sana wakati wa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema kuanzia 2006, ilikuja kuunganisha macho ya wananchi na taratibu za sheria.

Kwenye kata, hilo linaanza na vikundi vya ulinzi shirikishi. Majina ya vijana yanapitishwa kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, ili mwenye kulalamikiwa aondolewe hadharani. Mchango wa kaya unakatiwa stakabadhi. Hapo sina mzaha, kwa sababu nimeona vikundi vikifa kwa fedha kuliko kwa woga wa wezi. Kisha nawafundisha jambo moja kwa kurudia rudia: mkikamata, mlindeni mliyemkamata.

Usiku mmoja, saa nane, walinipigia simu. Walikuwa wamemkamata kijana na paneli ya sola. Nilipofika, watu walishaokota mawe. Vijana wa doria walikuwa wamemkalisha chini, wao wamemzunguka, migongo kwake na nyuso kwa watu, filimbi zikilia. Nyuma ya paneli palikuwa na jina la mwenyewe, limechorwa kwa msumari kama tulivyokubaliana mkutanoni. Jina lile ni ushahidi. Mawe yale yangetupa maiti moja na kesi ya mauaji.

Asubuhi ndipo penye kazi ngumu. Mlalamikaji ana namba yake ya RB, yaani ya taarifa aliyoandikisha kituoni, lakini baada ya siku chache anamwona mtuhumiwa dukani. Mtaa mzima unasema polisi wamekula. Pengine kweli wamekula. Rushwa ipo, nami sitawaficha watu wanaoijua. Lakini mara nyingi ni dhamana, na dhamana ni haki isiyolipiwa hata senti. Asipopata dhamana, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na mahakama nayo inaweza kumdhamini. Mtu asipoelezwa hayo na askari mwenyewe, anaelezwa na kijiwe.

Kuna kituo nilifanya kazi zamani ambako mama muuza uji alileta taarifa za muuza bangi. Kesho yake jina la mama lilikuwa mtaani, na wiki hiyo hiyo banda lake likachomwa. Aliyelitoa jina alikuwa mwenzetu. Kwa miezi mingi baadaye hakuna aliyetuletea neno, si kwa bangi, si kwa mtoto aliyepigwa. Nililiona lile banda jeusi kila nilipopita kwenda kazini, na bado linaniuma.

Tangu hapo jina la mtoa taarifa haliingii kwenye daftari langu. Simwiti kituoni, namkuta mnadani, au kisimani, mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kuwepo. Na ndani ya siku saba narudi kumwambia kilichotokea, hata kama ni kwamba ushahidi haukutosha. Wengi hushangaa nikirudi. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, halafu akanitajia jina la pili.

Jumamosi saa kumi jioni tuna mkutano wa mtaa. Nitaanza na kesi ya ile paneli: imeahirishwa tena, na mwenye paneli atakuwa amekaa benchi la mbele.