Bluberi ya mapema kwenye vilima vya Kigezi

Miche yangu ya kwanza ya bluberi ilikuwa aina ya Duke. Niliichagua kwa sababu huko Marekani aina hiyo husifiwa kwa kuiva mapema. Hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilidumaa miaka miwili: vijiti vyenye majani machache na maua ya kuhesabu. Niliumia sana, maana udongo nilikuwa nimeuandaa vizuri.

Duke huhitaji saa 800 au zaidi za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo machipukizi yake yaamke. Usiku wetu hutuvalisha masweta, lakini baridi hiyo haifikii. Tena huko "mapema" huhesabiwa tangu majira ya baridi yaishe, nasi majira hayo hatuna.

Sasa ninapanda Biloxi, iliyotolewa na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Mississippi mwaka 1998. Haidai baridi nyingi, na hapa haipukutishi majani yote. Kinachoiamsha ni mkasi wa kupogolea. Bluberi za jamii yake huko Florida huchukua takribani miezi miwili tangu ua hadi tunda. Kwenye ubaridi wetu subira inahitajika zaidi. Mimi hupogoa kwa kuhesabu nyuma, ili uchumaji uangukie kiangazi cha Juni na Julai. Mvua ikilikuta tunda limeiva hulipasua, na ugonjwa wa ukungu wa kijivu hufuata.

Wengi hupotea kwenye udongo. Bluberi inataka tindikali, pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali huzidi) ya 4.5 hadi 5.5. Mkulima aliyezoea viazi huniletea majivu ya jikoni kwa moyo mwema kabisa, nami humwomba ayapeleke kwenye migomba, kwa kuwa majivu huua tindikali hiyo. Mizizi ya bluberi ni laini kama nyuzi, haina vinyweleo, na hukaa juu juu: ikikosa maji hunyauka upesi, yakituama huoza. Kwa hiyo napanda juu ya tuta, nachanganya udongo na maranda ya msonobari yaliyooza, kisha nafunika juu kwa maranda mengine, unene wa kiganja. Nitrojeni naipa kwa salfeti ya amonia, kidogo kidogo. CAN, mbolea ya kalsiamu, amonia na naitreti, siigusi: nusu ya nitrojeni yake ni naitreti, ambayo mmea huu hauitumii vyema, tena ina chokaa. Salfa ya unga huchukua miezi kushusha pH, basi itie kabla hujanunua miche.

Maua ya mwaka wa kwanza yang'oe yote, hata roho ikiuma. Kichaka kijenge mizizi kwanza.

Wakati wa kuchuma, usidanganywe na rangi ya bluu. Tazama pale tunda linaposhikana na kikonyo: pakiwa na wekundu, liache siku kadhaa, maana likishachumwa haliongezi sukari. Wachumaji wangu huligusa kwa kidole gumba. Lililoiva hudondoka lenyewe kiganjani.